Ubani: Maziwa ya Mti wa Jangwani

Katika mambo ya bi harusi, udi ndio husifiwa kwanza. Leo tuupe haki yake ubani, uliomo majumbani mwetu kwenye furaha na kwenye msiba.

Ubani ni utomvu wa mti ambao wataalamu huuita Boswellia sacra. Unaota Dhofar, kusini mwa Oman, na pia Yemen na Somalia. Kwa sura si mti wa kutamanisha: mfupi, matawi yamepinda, gome linabanduka kama karatasi. Dhofar, ubani unaosifiwa zaidi hutoka nyuma ya milima, pale ukungu wa pepo za kusi unapokoma na ukavu wa jangwa kuanza.

Mvunaji hukwangua gome kwa kisu kidogo. Hapo huchuruzika majimaji meupe, yakaachwa yagande kuwa matone. Mkwanguo wa kwanza hautoi ubani mzuri. Mavuno bora hupatikana baada ya kurudiwa.

Weupe huo ndio uliozaa jina. Kwa Kiarabu huitwa *luban*, kutoka mzizi mmoja na *laban*, yaani maziwa. Wagiriki waliuita *libanos*. Sisi wa pwani tukaiangusha ile “l” ya mwanzo, likawa neno letu kabisa: ubani.

Umashuhuri wake ni wa kale. Zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, Malkia Hatshepsut wa Misri alituma majahazi nchi ya Punt, yakarudi na miti ya manukato ikiwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Baadaye bandari ya Sumhuram, huko Dhofar, ilisafirisha ubani kwenda nchi za mbali. Mwaka 2000 UNESCO iliiweka Sumhuram kwenye urithi wa dunia, pamoja na bonde la miti ya ubani la Wadi Dawkah.

Waomani hufukizia nguo na nyumba, huutafuna, na huuloweka usiku wakanywa maji yake asubuhi. (Mwenye mimba asinywe kabla ya kumuuliza daktari.) Kwetu neno limekwenda mbali zaidi: tukienda kuhani “tunatoa ubani”, yaani fedha za kuwafariji wafiwa, hata kama chetezo hakikuwashwa.

Lakini tujue kwamba kila punje imetoka kwenye jeraha. Mti ukipumzishwa, jeraha hupona. Ukikwanguliwa kupita kiasi, hudhoofika. Utafiti uliofanywa Eritrea juu ya mti wa jamii hiyo ulionesha kuwa miti inayovunwa sana hutoa mbegu chache zenye uhai. Mbuzi na ngamia nao hula miche. Mti mkongwe ukifa, hakuna wa kushika nafasi yake.

Kwa hiyo, bi harusi, usinunue gunia kwa kuwa ni rahisi. Chagua punje safi, nyeupe au zenye ukijani, zinazopitisha mwanga na zisizo na maganda wala mchanga. Muulize muuzaji umetoka wapi. Kwenye kaa lililoiva, punje tatu zatosha chumba kizima. Ukizidisha utapata moshi wa kukohoza wageni. Zilizobaki zifunge vizuri uziweke.

Israfu haipendezi kwenye mali, seuze kwenye mti unaotoa maziwa yake juu ya mawe makavu.