Susu Anasema Yuko Poa, Presha Inasema Tofauti: Yote ya Kujua Kuhusu Wazee Wagonjwa Kitui na Makueni

Ukipiga simu ocha leo, jibu tayari unalijua: "Niko sawa, mwanangu." Susu hatakwambia kwamba dawa za presha ziliisha wiki mbili zilizopita. Umau naye hatasema kidole cha mguu kimeanza kuwa cheusi. Wazee wa Ukambani hawapendi kusumbua watu. Kwa hivyo soma hii kabla ya kupiga tena.

Wanaugua nini hasa?

Presha na sukari ndizo zinaongoza maneno kliniki. Nyuma yake kuna magoti na mgongo, pumu, macho na saratani. Na hizi vitu haziji moja moja: mzee mmoja anaweza kuwa na presha, sukari na goti bovu kwa pamoja, kila moja na dawa zake.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulipata kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 Kenya ana presha ya juu. Asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa hata siku moja. Na cheki hii: utafiti huo ulihesabu watu wa miaka 18 hadi 69. Susu wako wa miaka 75 hakuwa ndani.

Sukari nayo huua hisia za miguu. Ukambani ni miba kila mahali, na mzee anatembea na akala. Mwiba unaingia, hasikii kitu, kidonda kinaoza polepole. Wengine hupoteza mguu kwa kitu kidogo hivyo.

Wanaishi vipi?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1 Kitui, na karibu 988,000 Makueni. Kitui peke yake ni zaidi ya kilomita mraba 30,000. Msee akiwa Mutha ama Kyuso, hospitali ya rufaa iko Kitui mjini, na hiyo ni safari ya siku nzima.

Vijana wengi walishika Mombasa Road wakaenda kusaka kazi. Wenye walibaki ni wazee, wengi wao wajane, na wajukuu wa kulea. Mgonjwa ndiye anachota maji, anapika, anatafuta karo. Doh za Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na ni za walio na miaka 70 kwenda juu. Ukiwa na 66 na presha yako, hiyo mpango haikujui. Na hata mwenye anapata, mara nyingi anaanza na daftari za mjukuu. Dawa zake zinangoja.

Mbona wanaacha dawa?

Si ukaidi. Kuna sababu, na zina maana:

• Presha haiumi. Akijisikia poa anaona amepona, anaweka vidonge kabatini. Lakini dawa za presha ni za kila siku, hata ukiwa fiti.

• Kuna dawa za presha zinafanya mtu akojoe sana. Siku ya kanisa ama ya kupanda mathree, anaziruka. Daktari anaweza kubadilisha saa ya kumeza, lakini nani atamwambia hiyo aibu?

• Zahanati ikikosa dawa, anaambiwa anunue kwa kemisti. Hapo anaanza kumeza nusu kidonge ili zifike mwisho wa mwezi.

• Insulini haipendi joto, na friji hakuna. Wengine huiweka ndani ya chungu cha udongo kilichozungukwa na maji. Hiyo ni akili, si ushamba.

• Anaambiwa aache ugali, na mwaka wa kiangazi unga wa msaada ndio chakula pekee. Kumbe muthokoi, ndengu, mbaazi na kunde ni chakula safi kwake, mradi sahani isijae. Tatizo kubwa ni vijiko vinne vya sukari kwa chai na chumvi ya kumwaga.

Na bima je?

Makueni ilianza MakueniCare mwaka wa 2016, enzi za Gavana Kivutha Kibwana: shilingi 500 kwa familia kwa mwaka. Kitui chini ya Charity Ngilu ikaleta K-CHIC mwaka wa 2018, kwa shilingi 1,000. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Asiye na mshahara hulipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Sasa sikia vizuri: SHA yenye inakatwa kwa payslip yako inashughulikia wewe, bibi ama bwana, na watoto. Mathe na buda hawamo. Lazima wasajiliwe kivyao, kupitia *147#. Wakishasajiliwa, zahanati na kituo cha afya ni bure. Lakini kulazwa hospitali kubwa kunataka michango iwe imelipwa. Usingoje uulizwe hiyo swali saa nane usiku getini.

Uliza hivi kwa simu

Achana na "umekula?" pekee. Uliza:

1. Dawa zimebaki za siku ngapi?
2. Presha ilipimwa lini, na walisema ngapi? Ikizidi 140/90 kila mara, arudi kliniki.
3. Miguu iko aje? Mjukuu aangalie hadi katikati ya vidole.
4. CHP wa kijiji amepita? Septemba 2023 serikali ilizindua hawa 100,000 nchi nzima, na begi zao zina mashine ya presha na ya sukari. Tafuta namba yake, i-save.

Ukituma pesa, tuma ya dawa na ya boda kando, na useme hivyo. Ukienda ocha Disemba, mwandikie masaa kwa pakiti za dawa; kama hasomi, chora jua na mwezi.

Na hii washikilie wote nyumbani: mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakianza kukwama, hiyo ni kiharusi. Si kurogwa, na si ya kungoja asubuhi. Ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Tupia grupu ya familia. Kuna mtu hapo hajapiga simu ocha tangu Pasaka.