Hazina ya Bweranyange

Wako wadhanio kuwa makumbusho ni jambo tuliloletewa na wageni. Historia ya Karagwe yatufundisha vingine. Mwaka 1876 Mfalme Rumanyika alimwonyesha Henry Stanley nyumba ya msonge iliyokuwa hazina yake. Ndani mlikuwa na mikuki, sanamu za bata na za ng'ombe wasio na vichwa, zote za shaba, pamoja na bunduki aliyopewa na John Speke. Stanley mwenyewe aliiita makumbusho.

Wala mali za ufalme hazikuwa za kutazamwa tu. Speke, aliyefika huko Novemba 1861, alishuhudia sherehe ya mwezi mwandamo: ngoma 35 zilipangwa chini, kila moja na mpigaji wake, na wakuu wa nchi wakaja kula kiapo cha utii.

Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, nasi hatuyalilii. Tunacholilia ni ufundi. Stanley alituandikia jina la mfalme. La mfua shaba hakuliandika.

Basi walimu wa Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi 2012, na waiteni wazazi shuleni siku moja. Kila nyumba ilete ilichonacho: jembe la kale, mkuki, kibuyu cha maziwa. Wazee waeleze, wanafunzi waandike. Na jina la kwanza kuandikwa liwe la fundi aliyekitengeneza.