PF3: Fomu ya polisi iliyokaa mlangoni mwa hospitali

Magomeni, Dar es Salaam, ina kituo cha polisi, ina kituo cha afya, ina mahakama ya mwanzo pia. Ipo fomu moja inayozunguka kote huko. PF3 huanzia kaunta ya kituo cha polisi cha Magomeni Usalama, ikajazwa na tabibu, na kesi ikifika mbali hupokelewa mahakamani kama kielelezo. Aliyepigwa chupa usiku anaijua. Aliyegongwa na bodaboda pale Magomeni Mapipa anaijua, na mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe anaijua pia. Wengi wao, damu ikiwa bado inatoka, wamesimama mapokezi wakaambiwa: "Kachukue PF3 kwanza."

Sharti hilo limezoeleka kiasi kwamba watu hudhani lilishuka pamoja na sheria. Halikushuka nayo. Lina historia yake, na katika historia hiyo wahudumu wa afya wamejikuta wakitumikia mabwana wawili, mgonjwa aliyelala mbele yao na dola inayotaka ushahidi.

Jina lenyewe ni fomu ya polisi namba tatu. Ukivuka kwenda Uganda utaikuta kwa jina hilohilo, na Kenya wanaiita P3. Zanzibar nako inatumika. Ni urithi wa utawala mmoja, Waingereza, waliopanga makosa ya kuumiza mwili kwa madaraja na kumtaka daktari aseme jeraha liko daraja gani. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika Septemba 1945 inatenganisha dhara la kawaida, dhara la hatari na dhara kubwa. Si maneno ya kitabibu hayo. Hakuna chuo cha udaktari kinachofundisha ugonjwa uitwao dhara kubwa. Ila neno atakaloandika tabibu kwenye fomu lina uzito wa miaka ya mtu gerezani, kwa kuwa kwa miongo mingi kujeruhi kwa dhara kubwa kumebeba kifungo cha hadi miaka 7, na shambulio la kudhuru mwili hadi miaka 5.

Tangu mwanzo, basi, fomu hii ilimfanya mganga kuwa shahidi. Na mganga wa enzi hizo hakuwa na pa kujitenga, maana mwajiri wake na mwajiri wa askari alikuwa mmoja. Mfano wake ni Dk. Vedasto Kyaruzi, mmoja wa madaktari wa kwanza wa Kiafrika waliotoka Makerere, aliyechukua urais wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, mwaka 1950. Serikali ya kikoloni haikuhitaji kumshtaki. Ilimhamisha tu, Kingolwira kwanza, kisha Nzega, mbali na siasa za Dar es Salaam. Daktari anayeweza kuhamishwa kwa kalamu moja ya serikali anajua vizuri uzito wa karatasi yenye nembo ya serikali inapowekwa mezani kwake.

Miaka hiyo ya 1950 ndiyo Magomeni ilikuwa ikikua kama makazi ya Waafrika, nyumba zikipanda pande zote za barabara ya Morogoro, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akahamia huku baada ya kuacha kufundisha Pugu mwaka 1955. Ng'ambo ya bonde la Msimbazi, Hospitali ya Princess Margaret ilifunguliwa 1956, hiyo ambayo leo ni Muhimbili. Majeruhi wa Magomeni walivuka Jangwani kwenda huko, na mpaka leo mvua kubwa ikinyesha na Jangwani ikafurika, njia hiyo hufungwa. Taja bonde hilo kwa mtu yeyote wa hapa mwenye mgonjwa mahututi, atakueleza thamani ya dakika.

Baada ya Uhuru mfumo haukubadilika sana. Mwaka 1977 sheria ya hospitali binafsi ilipiga marufuku tiba ya kibiashara, na kwa miaka 14 iliyofuata mgonjwa alibaki na serikali au mashirika ya dini. Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena, zahanati binafsi zikaota Magomeni kila mtaa. Hofu ya PF3 ikahamia nazo. Mwenye zahanati hataki kesi. Hataki askari waje kumuuliza kwa nini alimshona mtu mwenye jeraha la risasi bila kutoa taarifa, halafu ikaonekana alimtibu jambazi. Kumrudisha majeruhi mlangoni kukawa ndiyo salama yake.

Lazima niwatendee haki wahudumu hapa, kwa sababu woga huo haukuzuka hewani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, katika kifungo ambacho mawakili walikijua kwa miaka mingi kama 240, iliruhusu ripoti ya daktari kupokelewa kama ushahidi, lakini ikaitaka mahakama imwambie mshtakiwa kwamba ana haki ya kuomba daktari aitwe ahojiwe. Mahakimu wengi walisahau. Miaka ya 2000 Mahakama ya Rufani ilifuta PF3 moja baada ya nyingine kutoka kwenye kumbukumbu za kesi kwa kosa hilo tu. Likazuka pia swali la nani hasa ana sifa ya kuijaza, daktari peke yake au hata tabibu, wakati katika vituo vyetu vya afya tabibu ndiye anayekutana na majeruhi saa nane za usiku. Mhudumu akajikuta anaitwa mahakamani kutetea mistari mitatu aliyoiandika miaka miwili nyuma, pengine akiwa ameshahamishiwa mkoa mwingine. Nani asingeiogopa karatasi ya namna hiyo?

Lakini kuiogopa karatasi ni jambo moja, na kumwacha mtu avuje damu kwa sababu yake ni jambo jingine. Sheria ile ya 1985 inazungumzia namna ripoti inavyopokelewa mahakamani. Haimwambii muuguzi asifunge kidonda. Kauli ya serikali, iliyorudiwa bungeni zaidi ya mara moja, ni kwamba majeruhi ahudumiwe kwanza na fomu ifuate. Mazoea ya dirishani yameishinda kauli hiyo kwa miaka.

Mazoea haya yana ubaya mkubwa zaidi, na Magomeni ina sababu ya kuukumbuka kuliko mitaa mingine. Februari 1998 polisi walifyatua risasi Mwembechai, hapahapa Magomeni, katika vurugu zilizouzunguka msikiti, na watu wakafa. Fikiria mantiki ya PF3 siku kama ile. Fomu inatolewa na polisi, na aliyejeruhiwa kwa risasi ya polisi anatakiwa kuiomba polisi. Hata kama mapokezi hakuna aliyemdai, yeye mwenyewe au ndugu zake wana kila sababu ya kuogopa kwenda hospitali. Kisiwani Pemba, baada ya askari kuwaua waandamanaji Januari 2001, ripoti ya Human Rights Watch iliyotoka 2002 ilieleza majeruhi waliozuiwa kufikia matibabu, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Fomu inayomfanya askari kuwa bawabu wa hospitali inakuwa hatari pale hasa askari anapokuwa mtuhumiwa.

Ulimwengu wa udaktari ulikwishalijadili jambo hili. Oktoba 1975, mjini Tokyo, Chama cha Madaktari Duniani kilitoa azimio la kumkataza daktari kushiriki au kufumbia macho mateso ya watu walio mikononi mwa dola. Miaka miwili baadaye mwanaharakati Steve Biko akafa kizuizini Afrika Kusini. Dk. Ivor Lang alikuwa amemwona na kuandika cheti kwamba hakukuta tatizo lolote, na Dk. Benjamin Tucker alikubali asafirishwe kwa Land Rover hadi Pretoria, zaidi ya kilomita 1,000, akiwa na jeraha la ubongo. Baraza la madaktari la nchi hiyo liliwalinda kwa miaka. Mahakama ilipolilazimisha kusikiliza malalamiko, mwaka 1985, Tucker alifutwa kwenye daftari la madaktari na Lang akapewa onyo. Cheti cha Lang kilikuwa karatasi ya kawaida, kama PF3 ilivyo. Kosa lake ni kwamba alimwandikia polisi badala ya kumwandikia mgonjwa.

Turudi kwenye PF3: katika ubakaji, ucheleweshaji wake una kipimo. Dawa za kinga dhidi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliongeza adhabu, lakini adhabu kali haimsaidii msichana anayekaa benchi la polisi tangu asubuhi, akisimulia kisa chake kaunta mbele ya kila anayepita. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2011 kuhusu ukatili wa kijinsia, madawati ya jinsia na watoto ya polisi, na vituo vya mkono kwa mkono vinavyowaleta polisi, daktari na ustawi wa jamii chini ya paa moja, vyote vilikuja kupunguza mzunguko huo. Hilo ni wazo zuri kabisa: fomu imfuate mgonjwa, si mgonjwa aifuate fomu. Bado halijafika kila kituo.

Kenya wamekwenda hatua mbele kwenye maandishi. Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Maandishi peke yake hayakutosha. Oktoba 2015 majeruhi wa ajali alikaa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa Nairobi akitafutiwa kitanda, akafa. Taifa lilikasirika, na Sheria ya Afya ya 2017 ikaweka adhabu kwa anayekataa kutoa huduma ya dharura.

Mwaka huohuo wa 2017 Tanzania ilipitisha sheria mpya ya wataalamu wa udaktari, meno na afya shirikishi, iliyochukua nafasi ya sheria ya zama za ukoloni na kulipatia Baraza la Madaktari Tanganyika mamlaka ya kusikiliza malalamiko na kuadhibu. Wauguzi na wakunga wana baraza lao chini ya sheria ya 2010. Mabaraza hayo yapo kwa ajili ya mwananchi pia, na mwananchi wa Magomeni anayafahamu kidogo mno.

Kwa mhudumu, kazi yenyewe haina fumbo. Mpokee majeruhi, zuia damu, na kabla hujashona andika kwenye jalada ulichokiona: jeraha liko wapi, lina urefu na kina gani, mgonjwa amesema limetokana na nini, saa ngapi. Nguo zenye damu zihifadhi. Ukiwa umeandika hivyo, PF3 ikija baada ya saa tano au kesho yake utaijaza kutoka kwenye jalada lako, na mahakamani utasimama imara kuliko aliyejaza fomu haraka huku mgonjwa akizimia. Kwa ndugu wa majeruhi, gawaneni: mmoja aende naye hospitali, mwingine aende polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa, na fomu, ambayo haiuzwi. Na wabunge wetu waiandike kauli ya serikali kuwa kifungo cha sheria, chenye adhabu, kwamba hakuna majeruhi atakayenyimwa huduma ya dharura kwa kukosa PF3, ili tabibu wa zamu ya usiku awe na sheria ya kumwonyesha yeyote atakayekuja kumuuliza kwa nini alitibu kwanza.