Polima: kuzifanya nyuso zipende maji

Kuufanya uso wa polima upende maji (uwe haidrofili) ni kubadili kikemia ngozi yake ya juu tu, maji yatandae badala ya kujikusanya kuwa matone. Ndani, plastiki hubaki ile ile. Tone likidondokea ubavuni mwa bidoni la njano la lita 20, lile linalopita mitaani Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, juu ya chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo), hujiviringa kama ushanga na kuteleza. Bidoni ni poliethilini: minyororo ya kaboni na hidrojeni isiyo na pa kushikana na maji.

Njia

Uso hupigwa plazma ya oksijeni, korona au mwali wa moto, ukapata vikundi vya hidroksili na kaboksili. Viwandani hufanywa hivyo ili wino wa chapa ushike. Ila minyororo hujigeuza kuelekea ndani, na baada ya siku au wiki uso huanza kuyakataa maji tena. Hudumu zaidi kupandikiza asidi ya akriliki, au kuchanganya polivinilipirolidoni (PVP) katika nyuzi za vichujio vya polisalfoni. Bila PVP, vitundu vya kichujio kilichokauka hubaki na hewa, maji yakagoma kupita.

Goma

Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu. Karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Ili kusafisha maji, jeshi la Marekani lilileta mashine za osmosisi kinyume zenye tando za polima. Zilikuwa mashine za ajabu, lakini zilibuniwa ziweze kuondoa hata chumvi ya bahari, na Ziwa Kivu, yalikochotwa maji, si bahari. Mzigo mkubwa ulibebwa na pampu, malori ya maji na klorini.

Volkano ya Nyiragongo, jirani na mji, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mfumo wa maji uliharibika na mabidoni mengi yakarudi ziwani.

Klorini

Klorini huila PVP, na tando za poliamidi, kama za osmosisi kinyume, huzivunja kabisa. Ndiyo maana mafundi huchuja kwanza, wakatia klorini mwisho. Ufukweni Kivu mambo ni kinyume: klorini hutiwa kwa bomba la sindano ndani ya bidoni pale pale mtu anapochota. Tena pH ya ziwa, inayokaribia 9, huipunguzia klorini makali ya kuua vijidudu. Mwenye kichujio cha nyuzi nyumbani akiyamimina maji hayo yenye klorini kila siku, PVP humong'onyoka polepole.