Dalili ya Mvua: Vidokezo na Taashira katika Hadithi Fupi ya Ray Bradbury (1950)

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza hadithi fupi moja ya Kimarekani inayosimulia dunia baada ya kiyama cha silaha za nyuklia. Hadithi yenyewe ni "There Will Come Soft Rains", yaani "Zitakuja mvua laini", iliyoandikwa na Ray Bradbury (1920–2012). Ilichapishwa kwanza katika jarida la Collier's tarehe 6 Mei 1950, na mwaka huohuo ikaingizwa katika kitabu chake The Martian Chronicles, ambamo ni sura ya pili kutoka mwisho. Kurasa zake ni chache, na ndani yake hamna binadamu hata mmoja aliye hai.

Ni desturi kuisoma hadithi hii kama unabii: mwandishi aliona mbele, akawaonya watu. Usomaji huo si wa uongo, lakini haukamiliki. Wahenga wa Kiswahili walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na methali hiyo yatusaidia kutenganisha mambo mawili. Ishara huwekwa na watu kwa kukubaliana. Dalili hutoka katika kitu chenyewe, kama wingu ambalo tayari limebeba maji ya mvua itakayonyesha. Hoja ya makala haya ni kwamba vidokezo na taashira za Bradbury ni dalili kwa maana hiyo hasa. Zinatabiri kwa sababu zimebeba jambo lililokwisha kutokea, na jambo hilo lina mzizi katika ardhi ya Katanga.

2. Muhtasari wa hadithi

Katika toleo la kitabu, mambo yote hutukia siku moja, tarehe 4 Agosti 2026, katika mji wa Allendale, jimbo la California. Nyumba inayojiendesha kwa mitambo inaamka saa moja asubuhi. Saa yenye sauti inawaita wenyeji. Jiko linapika mayai 8, vipande 8 vya mkate na vipande 16 vya nyama ya nguruwe. Mlango wa banda la gari unajifungua. Hakuna anayetoka. Panya wadogo wa chuma wanafagia vumbi, meza za kuchezea karata zinajipanga, beseni linajaa maji ya kuoga, vitanda vinapashwa joto. Saa nne usiku tawi la mti linaanguka na kuvunja dirisha la jiko, chupa ya dawa ya kusafishia inapasuka juu ya meko, na moto unaanza. Nyumba inapigana na moto ule hadi inashindwa. Alfajiri inabaki sauti moja tu ndani ya ukuta uliosalia, ikitaja tarehe ya siku mpya, 5 Agosti, bila kukoma.

3. Vidokezo: njia ya moto na njia ya maji

Msomaji wa mara ya kwanza huuona moto wa usiku kama ajali. Msomaji wa mara ya pili hugundua kwamba moto huo umetembea ndani ya hadithi mchana kutwa. Asubuhi meko yanatoa mlio wa pumzi. Saa nane mchana mbwa aliyekufa anatupwa katika tanuri la kuchomea taka, na cheche zinaruka katika bomba la moshi. Jioni moto wa kuotea unawaka mbele ya kiti kitupu, na karibu nao inajitokeza sigara nene iliyokwisha kuwashwa, yenye jivu la kijivu. Kila mara moto ni mtumishi: unapika, unasafisha, unastarehesha. Usiku hauingii moto mgeni, bali mtumishi yuleyule anaasi.

Njia ya maji inakwenda sambamba. Kunanyesha asubuhi, kisha mabomba ya bustani yananyunyiza maji juu ya ukuta ulioungua, kisha beseni linajazwa kwa ajili ya mwili usiokuwapo. Moto unapopamba, maji ya akiba yamekwisha, kwa kuwa siku nyingi yametumika kuogesha wasiokuwapo na kuosha vyombo visivyoliwa. Hapo utaratibu uliosifiwa asubuhi unageuka kuwa sababu ya maangamizi.

Kidokezo kilichofichwa zaidi kimo katika mambo ya kawaida kabisa. Mapema asubuhi sauti ya nyumba inakumbusha malipo: bima, maji, gesi na taa. Orodha hiyo yaonekana ya nyumbani tu. Lakini ni orodha ya vitu vitakavyohukumu nyumba usiku huo. Bima haitakinga, maji hayatatosha, na moto utaanzia jikoni. Vilevile mwandishi amezipanga saa: saa nne asubuhi jua linatoka, na msomaji anaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwamba mji wote umekuwa kifusi, saa nne usiku nyumba inaanza kufa. Kifo cha watu na kifo cha mitambo yao vimewekwa katika saa zinazotazamana.

4. Taashira: madhabahu, mbwa, kivuli

Bradbury anailinganisha nyumba na madhabahu yenye watumishi elfu kumi, ambayo miungu yake imeondoka huku ibada ikiendelea bila maana. Tanuri la taka nalo analifananisha na Baali, mungu wa sanamu anayetajwa katika Agano la Kale. Taashira hii inageuza kinachotarajiwa. Katika hadithi nyingi za sayansi, mashine ndiyo huabudiwa na watu. Hapa mashine inaabudu watu ambao hawapo tena. Binadamu alijifanya mungu wa vitu vyake, kisha akafa, na vitu havikujulishwa.

Mbwa ndiye kiumbe pekee wa nyumba hiyo anayerudi. Nyumba inayowazuia mbweha na paka wasikaribie inamtambua kwa sauti na kumfungulia. Alikuwa mnene, sasa ni mifupa na vidonda; anakimbia juu na chini akiwatafuta wenyewe, ananusa chakula nyuma ya mlango uliofungwa, kisha anakufa. Panya wa chuma wanamwondoa kama wanavyoondoa tope la miguu yake. Nyumba ina masikio, haina moyo. Katika mbwa huyu msomaji anaona kwa macho ugonjwa ambao hadithi haiutaji kwa jina, na anaona pia kwamba uaminifu umebaki kwa mnyama peke yake.

Juu ya taashira zote ni ukuta wa upande wa magharibi. Rangi yake yote imeungua ikawa nyeusi, isipokuwa mahali patano: mwanamume akikata majani, mwanamke akiinama kuchuma maua, mvulana aliyeinua mikono, mpira ulio hewani, na msichana anayengoja kuudaka. Kiswahili kina neno moja, "kivuli", kwa umbo la giza analotupa mtu na kwa mahali pa kujikinga na jua. Maana zote mbili zinakutana katika ukuta huu. Rangi ilisalia pale tu ambapo miili ya watu iliukinga ukuta na mwako. Nyumba ilijengwa kuwakinga watu; siku ya mwisho watu ndio walioikinga nyumba, na kinga yao haikuzidi upana wa miili yao.

Shairi la Sara Teasdale (1884–1933), ambalo hadithi imechukua jina lake, linasomwa na nyumba saa tatu usiku mbele ya kiti kitupu. Teasdale alilitoa mwaka wa 1918, vita kuu ya kwanza ikiendelea, na maana yake ni kwamba ndege, vyura na miti havingejali kama wanadamu wangetoweka wote. Kinaya chake ni kikali: sauti ya mashine inasoma habari za dunia isiyo na wasikilizaji, na hakuna anayesikiliza. Lakini kuna tofauti kati ya shairi na hadithi. Katika shairi maumbile yako salama. Katika hadithi mbwa ana vidonda na magofu ya mji hung'aa usiku kwa sumu ya mionzi. Kati ya 1918 na 1950 kuna jambo lililoondoa faraja hiyo.

5. Mzizi wa kihistoria: kutoka Hiroshima hadi Shinkolobwe

Jambo hilo lina tarehe. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu la urani lililipuka juu ya mji wa Hiroshima. Hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, kwa makadirio ya mji wenyewe. Kwenye ngazi za mawe za benki ya Sumitomo, mita 260 hivi kutoka chini ya kitovu cha mlipuko, lilibaki umbo jeusi mahali alipokuwa ameketi mtu. Mawe kandokando yake yalikuwa yamepauka kwa joto. Mawe hayo yamehifadhiwa katika makumbusho ya amani ya Hiroshima. Habari za vivuli vya namna hiyo ziliwafikia Wamarekani wengi kwa taarifa ndefu ya John Hersey katika jarida la The New Yorker, toleo la tarehe 31 Agosti 1946. Basi ukuta wa Allendale haukubuniwa kutoka hewani. Bradbury alichukua ukuta wa Japani akauweka California.

Wakati nao ulikuwa umeiva. Muungano wa Kisovyeti ulijaribu bomu lake la kwanza tarehe 29 Agosti 1949, na tarehe 31 Januari 1950 Rais Truman alitangaza kwamba Marekani ingetengeneza bomu la haidrojeni. Miezi michache baadaye hadithi ikatoka. Kwa mara ya kwanza msomaji wa Collier's aliweza kudhani kwamba kilichowapata wengine kingeweza kumpata yeye sebuleni kwake.

Lakini bomu la Hiroshima lilikuwa na chimbuko lake, na sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani wakati wa vita ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Kongo ya Wabelgiji. Mgodi huo ulikuwa wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na hapo awali ulichimbwa kwa ajili ya radi. Mawe yake yalikuwa na utajiri usio wa kawaida: oksidi ya urani ilifikia 65 kwa mia, ilhali mawe ya migodi ya Marekani mara nyingi hayakufikia hata 1 kwa mia. Mwaka wa 1940 mkurugenzi Edgar Sengier alipeleka tani zipatazo 1,200 New York, zikawekwa katika ghala la Staten Island; Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Kisha mgodi uliokuwa umefungwa na kujaa maji ulifunguliwa tena, na mawe yakasafiri kwa reli hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kwa mashua hadi Léopoldville, na kwa reli tena hadi Matadi.

Waliochimba, kuchagua na kupakia mawe yale walikuwa wafanyakazi wa Katanga. Jina la mgodi lilifanywa siri, na waliobeba mizigo hawakuambiwa mwisho wa safari yake. Mgodi ulifungwa mwaka wa 1960, lakini wachimbaji wa mikono waliurudia, na mwaka wa 2004, miezi baada ya serikali kupiga marufuku kazi hiyo, sehemu yake iliporomoka na kuua watu.

Msomaji mwenye historia hii mkononi huiona nyumba ya Allendale kwa jicho lingine. Watumishi elfu kumi wa madhabahu hawana mikono. Chakula chaja, uchafu watoweka, joto lawaka, na hakuna anayeonekana kufanya kazi. Hadithi inaionyesha hali hiyo kama maajabu ya wakati ujao. Kumbe ilikuwa sura ya wakati wake: nguvu iliyoangamiza mji ilitokana na kazi ya mikono ambayo watumiaji wake hawakuiona wala kuitaja. Familia ya Allendale iliacha umbo ukutani. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuachiwa hata ukuta.

6. Suala la tarehe

Tarehe za hadithi zenyewe zina historia. Katika Collier's siku ilikuwa 28 Aprili 1985. Kitabuni ikawa Agosti 2026. Toleo la mwaka wa 1997 likaisogeza hadi 2057. Kila mara kiyama kiliahirishwa ili kibaki mbele ya msomaji. Hata hivyo mwezi wa Agosti, ulipokwisha kuingia, haukuondoka tena. Na bomu lilipolipuka Hiroshima asubuhi ya tarehe 6, California ilikuwa bado alasiri ya tarehe 5, siku ileile inayotajwa na sauti ya mwisho ukutani. Iwe ni kwa makusudi au kwa bahati, sauti hiyo inayoonekana kutangaza kesho imenaswa katika siku ya 1945.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba vidokezo vya hadithi hii hufuata njia mbili, ya moto na ya maji, na kwamba taashira zake kuu zinakutana katika kivuli cha ukutani. Imeonekana pia kwamba kivuli hicho kilitangulia hadithi. Kwa hiyo kuiita hadithi hii unabii tu ni kuwasamehe waliotenda: unabii huelekeza macho kwenye kosa la kesho, ilhali dalili humdai msomaji aulize wingu limetoka wapi. Mwalimu atakayeifundisha Lubumbashi au Likasi ana fursa ambayo mwenzake wa California hana. Anaweza kuwaonyesha wanafunzi ukuta wa Allendale, kisha ngazi za Hiroshima, kisha awaambie kwamba jiwe la kwanza la ukuta huo lilichimbwa karibu nao, na kwamba majina ya waliolichimba bado yangojea kuandikwa.