Mapatano ya Ulaya na Rafiki zake, na Shaba ya Katanga

Watu husema kwamba mapatano kati ya inchi na inchi yanaanza na urafiki. Pengine ni kweli. Lakini tukitazama mapatano ambayo Ulaya iliyoungana ilifanya na inchi za inje, tunaona jambo lingine: mara nyingi mkono unafunguka kiisha bunduki kulia. Katanga yetu ni ushuhuda wa kwanza. Majirani wa Ulaya upande wa mashariki, waliotawaliwa zamani na wakomunisti, ni ushuhuda wa pili.

Tarehe 25 Machi 1957 inchi sita za Ulaya zilitia sahihi katika Roma mapatano ya Soko la Pamoja. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari. Lakini sisi Wakongo hakuna aliyetupasha habari. Sehemu ya nne ya mapatano iliweka Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi katika ushirika, pasipo kuuliza wenyeji. Likawekwa na sanduku la feza za maendeleo, milioni 581 na robo kwa miaka mitano, kila moja sawa na dola moja. Ubelgiji ulitia ndani milioni 70, na makoloni yake yakawekewa 30. Makoloni ya Ufaransa yakawekewa zaidi ya 511. Hesabu hii yatosha kuonyesha nani alisema kwa nguvu mezani.

Kiisha uhuru Kongo ilitia sahihi yenyewe, katika Yaoundé, tarehe 20 Julai 1963, pamoja na inchi nyingine 17 za Afrika na Madagaska. Mapato ya ushirika ule yalikuwa hasa juu ya ushuru: mazao yetu yaingie Ulaya bila kulipa. Vema kwa mwenye kahawa. Lakini shaba ghafi haikulipa ushuru, hata ikitoka Chile. Basi Mkatanga alipewa ruhusa ya kupita katika mlango uliokuwa wazi kwa watu wote.

Katika Lomé, tarehe 28 Februari 1975, inchi 46 zilipata jambo jipya, lililoitwa Stabex: bei ya mazao ikianguka, Ulaya inasaidia. Karanga zilikuwamo, kakao, pamba, chai, hata madini ya chuma. Shaba haikuwamo. Na mwaka uliotangulia bei ya shaba ilikuwa imeanguka karibu nusu! Tena, mwezi wa Agosti 1975, vita vya Angola vilikata njia ya reli inayotoka kwetu hata bandari ya Lobito. Serkali ya Kinshasa ililia, Zambia ililia, mapatano hayakugeuzwa.

Ndipo ikaja vita. Machi 1977 wapiganaji walitoka Angola, inchi ambayo wakubwa wake walifuata mafundisho ya Marx, wakaingia Katanga, iliyoitwa Shaba siku zile. Tarehe 13 Mei 1978 walirudi, wakashika Kolwezi. Watu wengi walikufa, weusi na weupe, na askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli, wale wa Ubelgiji wakatua kwa ndege. Migodi ilisimama, bei ya kobalti ikapanda sana. Miezi miwili baadaye, Julai 1978, mazungumzo ya Lomé ya pili yalifunguliwa. Na mapatano yalipotiwa sahihi, tarehe 31 Oktoba 1979, shaba na kobalti zilikuwamo. Msaada ule uliitwa Sysmin, milioni 280 hivi. Hatusemi Kolwezi peke yake ilifanya haya, maana wenye viwanda katika Ulaya walikuwa na woga wao tangu mbele. Lakini angalieni ulivyofanya kazi: haukulinda bei, ambayo ndiyo mshahara wa mchimbaji, ulilinda nguvu ya mgodi ya kutoa madini. Zaire na Zambia zilikuwa za kwanza kupewa mikopo yake. Hata hivyo Gécamines, iliyotoa tani zaidi ya 470,000 za shaba mwaka wa 1986, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka wa 1993.

Upande wa mashariki ni vilevile. Mei 2008 Polandi na Uswidi zilitoa shauri la ushirika na Ukraine, Moldova, Georgia, Belarus, Armenia na Azerbaijan. Agosti vita vikalipuka katika Georgia, na shauri likaenda mbio: likafunguliwa rasmi katika Praha tarehe 7 Mei 2009. Ukraine iliombaomba kuingia nyumbani kwa miaka mingi. Ilikubaliwa kuwa mwombaji rasmi Juni 2022, miezi minne kiisha Warusi kuivamia. Lakini wao angalau ni watu wa Ulaya, sheria yawaruhusu kutumaini kiti. Sisi tutabaki barazani.

Tarehe 26 Oktoba 2023 Kongo ilitia sahihi katika Bruxelles mapatano mapya juu ya madini. Tarehe 19 Februari 2024 Ulaya ilifanya mapatano ya namna ile ile na Rwanda. Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23, wanaosaidiwa na Rwanda, waliingia Goma. Tarehe 13 Februari Bunge la Ulaya likaomba mapatano na Rwanda yasimamishwe. Kesho yake wapiganaji wakaingia Bukavu.