Jinsi Vivinjari Vilivyofundishwa Kutoitii Alama

Andika kwenye ukurasa wa HTML kwamba neno hukolezwa wino kwa kutangulizwa <b>, kisha ufungue ukurasa huo kwenye kivinjari. Hiyo <b> yako hutaiona. Utaona sentensi yenye pengo, na maneno yote yanayoifuata yamekolea wino. Kivinjari hakijakosea, kimekutana na amri, kimeitii. Ni sawa na kumtuma mtoto akamwambie shangazi yake "njoo", naye akakusogelea wewe akidhani ndiye anayeitwa. Kila anayejifunza kutengeneza tovuti hukutana na jambo hili mapema, ila asili yake ni ya zamani kuliko tovuti zenyewe.

Yote yalianza pale watu walipoamua kupitisha maandishi na amri katika njia moja, kwa herufi zilezile. Mwaka 1964, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Jerome Saltzer aliunda RUNOFF, programu ya kupanga maandishi tayari kwa kuchapwa. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: mstari unaoanza na nukta ni amri, mingine yote ni maandishi. Kanuni nzuri, maana hakuna sentensi inayoanza na nukta. Shida humfika anayetaka kuandika kitabu cha kufundisha RUNOFF, kwa sababu mifano yake yote huanza na nukta.

Miaka mitano baadaye, katika kampuni ya IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walibuni lugha ya alama iliyoitwa GML, herufi zinazoanza majina yao. Kutokana nayo ikazaliwa SGML, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 8879, mwaka 1986. Katika SGML, kazi ya kubeba amri ilipewa mabano ya pembe, < na >. Haya ni mabano ya zamani: yalichapwa katika kitabu cha hisabati cha Mwingereza Thomas Harriot mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake, yakimaanisha "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko". Mwandishi wa barua au ripoti huyahitaji kwa nadra. Mwanahisabati na mwandishi wa programu huyahitaji kila siku, na hao ndio waliokuja kuuliza: sasa sisi tutaandikaje?

Jibu la SGML lilikuwa kuyapa mabano hayo majina. Ukitaka < ionekane, uandike &lt; nayo itageuzwa kuwa alama wakati wa kuonyeshwa. Lakini hapo imeongezeka alama nyingine yenye madaraka, yaani &, nayo inahitaji jina lake: &amp;. Kwa hiyo anayetaka msomaji aone herufi "&lt;" zenyewe, kama unavyoziona hapa, lazima aandike &amp;lt;. Anayetaka kueleza jinsi ya kuandika hilo nalo huongeza tabaka jingine, na ngazi hiyo haina kikomo. Hata mpangilio wa kazi una masharti: & hubadilishwa kwanza, mabano baadaye. Ukianza na mabano, & utakazokuwa umeziweka wewe mwenyewe zitabadilishwa tena, na ukurasa utajaa uchafu.

Tim Berners-Lee alipounda HTML pale CERN, Uswisi, alichukua tagi kadhaa, yaani amri zinazoandikwa ndani ya mabano ya pembe, kutoka katika lugha ya jamii ya SGML iliyokuwa ikitumika hapohapo. Orodha yake ya tagi ya mwaka 1991 ilikuwa na njia ya mkato kwa wenye mifano ya msimbo: tagi tatu zilizokiambia kivinjari kiache kutii. XMP ilikuwa ya mifano, LISTING ya orodha za msimbo. Maelezo rasmi ya HTML 2.0, yaliyotolewa Novemba 1995 na Berners-Lee pamoja na Dan Connolly, yanataja upana wa mstari wa herufi 80 kwa XMP na 132 kwa LISTING, tarakimu anazozikumbuka yeyote aliyefanya kazi na kadi za kutoboa na mashine kubwa za kuchapa. Tagi ya tatu, PLAINTEXT, ndiyo ninayoipenda zaidi kwa ukaidi wake. Ikishafunguliwa haifungiki. Kila kinachoifuata ni maandishi matupu hadi mwisho wa ukurasa, ikiwa ni pamoja na jaribio lolote la kuifunga.

XMP ilikuwa na kasoro ambayo haikutibika. Kivinjari kilipuuza kila kitu ndani yake isipokuwa tagi ya kuifungia, </xmp>, hivyo mfano wa kuonyesha matumizi ya XMP yenyewe haukuwezekana. Maelezo yaleyale ya 1995 yaliwashauri waandishi waiache, watumie tagi ya PRE na kuyaandika mabano kwa majina yake. Vivinjari vya leo bado vinazielewa tagi zote tatu, ingawa kanuni za HTML zinakataza kuziandika.

Mpaka hapo lilikuwa suala la walimu na mifano yao. Likageuka kuwa la usalama pale tovuti zilipoanza kuonyesha maandishi yaliyoletwa na watu wengine. Tarehe 2 Februari 2000, kituo cha CERT cha chuo kikuu cha Carnegie Mellon kilitoa tahadhari kwamba mgeni anaweza kupenyeza tagi zenye programu katika ukurasa wa mtu mwingine. Onyo hilo halikuwafikia wote. Oktoba 2005, kijana Samy Kamkar aliweka msimbo katika ukurasa wake wa mtandao wa kijamii wa MySpace. Kila aliyeutembelea alimtumia ombi la urafiki bila kukusudia, na msimbo ukajinakili katika ukurasa wa mgeni huyo. Chini ya siku moja maombi hayo yalipita milioni moja. MySpace ilikuwa imezuia neno "javascript". Kamkar akalikata katikati kwa kushuka mstari, na baadhi ya vivinjari vikaliunganisha. Mwaka 2007 alikiri kosa mahakamani, Los Angeles.

Tukio hilo linafundisha kwamba kupiga marufuku maneno hakutoshi, na lile la Twitter la tarehe 21 Septemba 2010 lilifundisha zaidi. Safari hii silaha haikuwa mabano bali alama ya mtajo, iliyowekwa ndani ya anwani ya kiungo. Katika mwili wa ukurasa alama ya mtajo haina madhara, lakini ndani ya tagi ndiyo inayoonyesha mwisho wa thamani. Ilipopita bila kugeuzwa, ilifunga thamani mapema, na kilichofuata kikasomwa kama amri: ujumbe ulijisambaza wenyewe kwa kupitishiwa kishale cha kipanya tu. Kila eneo la ukurasa, iwe mwili, kiungo, kichwa au ndani ya programu, lina alama zake za kuogopwa. Ndiyo maana maandishi hayawezi kusafishwa mara moja mlangoni kisha yakawa salama kila mahali. Yanapaswa kugeuzwa yanapotoka, kwa kufuata mahali yanapokwenda.

Lugha ya PHP ilifanya kinyume kwa miaka mingi. Ilikuwa na kipengele kilichoweka mkwaju wa nyuma mbele ya kila ritifaa iliyoingia, ili kulinda hifadhidata. Waandishi wa programu nao waliongeza ulinzi wao juu yake. Kwa Kiswahili, lugha yenye ng'ombe, ng'ambo, Chang'ombe na Murang'a, matokeo yake yalionekana waziwazi: ng\'ombe, na makala ikihaririwa tena, ng\\\'ombe. Kipengele hicho kiliondolewa katika toleo la 5.4, Machi 2012.

Ritifaa ilikuwa na shida ya pili. HTML 4 iliyapa majina mabano, & na alama ya mtajo, ritifaa ikaachwa. Jina &apos; lilikuja na lugha ya XML mwaka 1998, nalo halikuwa halali katika HTML ya wakati huo, hivyo programu nyingi zikatumia namba, &#039;, kwa kuwa ritifaa ni ya 39 katika jedwali la ASCII. Ikigeuzwa mara moja, msomaji hajui lolote. Ikigeuzwa mara mbili, anasoma ng&#039;ombe.

Mabadiliko yalikuja pale ugeuzaji ulipoondolewa mikononi mwa binadamu. Django 1.0, mfumo wa kutengenezea tovuti wa mwaka 2008, iligeuza alama yenyewe kila ilipotoa maandishi. Rails 3, mfumo mwingine wa aina hiyo, ikafuata mwaka 2010. Kabla yao, mwaka 2004, John Gruber alikuwa ametoa Markdown, njia nyepesi ya kuandika maandishi ya tovuti, ambamo mwandishi huzungushia msimbo alama ndogo na programu ikashughulikia mabano yote. Milisho ya habari nayo ilikuwa na utata wake: muundo wa RSS haukusema wazi kama kichwa cha habari ni maandishi matupu au HTML, hivyo kila programu ya kusoma milisho ilikisia. Atom, muundo mwingine wa milisho, wa Desemba 2005, ulimtaka mtoaji aseme mwenyewe kama ni maandishi, HTML au XHTML.

Kilichobaki ni kumbukumbu za zamani. Tovuti iliyogeuza maandishi mlangoni iliyahifadhi yakiwa yamekwisha kuharibika, na mfumo mpya unapoyatoa unaigeuza & yake kwa uaminifu kabisa. Programu imesahihishwa, lakini habari ya mwaka 2009 kuhusu Chang'ombe imo katika hifadhidata ikiwa na &#039; katikati yake, na hakuna njia ya kuiponya isipokuwa mtu aifungue hifadhidata na kuisafisha, akijihadhari asiguse makala chache ambazo mwandishi wake alikusudia hasa kuonyesha &#039;.